Mhariri amefuta "hukinaisha" akaweka "hushibisha", na aibu nimeachiwa mimi

Ndugu wanajukwaa, nimekuja na hasira, na ninawaomba wajuzi wa lugha mnisikilize kabla ya kunituliza.

Nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha mapishi ya Pwani kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kwenye ukurasa wa halua palikuwa na sentensi iliyotumia kitenzi "satiate" kuelezea utamu unaomfika mtu kooni baada ya vipande viwili tu. Nikaandika: "Utamu wake hukinaisha upesi, ndiyo maana hushushiwa kwa kahawa chungu." Mhariri, bila hata kunipigia simu, akafuta "hukinaisha" na kuweka "hushibisha", na kijitabu kikachapwa hivyo. Niambieni, ni nani aliyewahi kushiba kwa vipande viwili vya halua, na kama ameshiba, kahawa chungu ni ya nini?

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba kamusi ya kwenye simu inasema "shibisha", kwa hiyo mjadala umefungwa. Sikatai kwamba hiyo ni maana mojawapo ya "satiate". Kitenzi hicho kimetokana na neno la Kilatini "satis", yaani "ya kutosha", lakini Waingereza hukitumia pande mbili: kumtimizia mtu hamu yake hadi atosheke, na kumzidishia kitu hadi kimchoshe, asitake tena hata kukiona. (Hata "sad", neno lao la huzuni, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya aliyeshiba hadi akachoka, kwa hiyo mambo haya mawili wameyaweka karibu tangu zamani.) Sisi tumeyatenga, na mtoto aliyelishwa mahamri kwa mbaazi kila asubuhi wiki nzima atakwambia amekinai, ilhali tumbo lake ni tupu.

Isitoshe, kitenzi hichohicho cha Kiingereza hutumika kwa kiu na kwa udadisi. Kwa kanuni ya mhariri huyu, maji ya mtungini yatakuwa yanashibisha kiu, wakati sisi wengine tuliozaliwa na lugha hii tumekuwa tukiikata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina la mhariri halimo popote, bali langu limechapwa ukurasa wa kwanza, na juzi mpika halua mmoja aliyekisoma kijitabu aliniuliza, kwa adabu zote, kama nimewahi kuionja.