Tupeane uzoefu: ni neno gani la safarini limewahi kukuponza?

Kijana wa Tegeta
Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu jana binamu yangu wa Nairobi amelikosa basi la kurudi kwao, na kilichomkosesha ni neno moja tu. Nilimwambia awahi stendi ya Mbezi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Alfajiri akasimama Mwenge, akamuuliza konda kama gari linafika Mbezi, akajibiwa kwamba linafika, akapanda. Saa kumi na moja na nusu alinipigia simu akiwa Tangi Bovu, Mbezi Beach, akiuliza mabasi ya mikoani yamefichwa wapi. Wenyeji wa Dar es Salaam wanajua kwamba Mbezi ile iko barabara ya Bagamoyo, na kwamba stendi iliyozinduliwa mwaka 2021 iko Mbezi Luis, barabara ya Morogoro. Konda hakumdanganya, na mimi pia sikumdanganya. Je, wewe ni neno gani lilikuponza?

Mama Wawili
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Mimi nilishukia Mbezi isiyo yangu nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani.

Dereva wa Voi
Langu ni neno tochi. Nilivuka mpaka wa Holili na gari langu dogo nikielekea Moshi, na kijana aliyenijazia mafuta akaniambia kwa upole, "Angalia mzee, kuna tochi mbele." Ilikuwa saa saba mchana na jua limesimama utosini, kwa hiyo nilijiuliza ni nani anayetembea na tochi muda huo, nikaendelea na mwendo wangu. Baada ya kilomita chache askari wa usalama barabarani alitokeza chini ya mwembe akiwa na kile kifaa cha kupima mwendo, akanionyesha namba 71 mahali ambapo kibao kiliruhusu 50. Nilitozwa faini ya shilingi 30,000 za Tanzania, na nikajifunza msamiati.

Mwalimu Mstaafu
Yote haya yanatokana na kuazima maneno ovyo. Mnasema stendi, wenzenu wa Kenya wanasema steji, ilhali neno kituo lipo na linaeleweka kote.

Kijana wa Tegeta
Mwalimu, kwa heshima zote, jaribu kuuliza usiku wa manane kwamba kituo kiko wapi. Watu watakuuliza umeibiwa nini.

Mzawa wa Bukoba
Nilipofika Kampala kwa mara ya kwanza kupitia Mutukula, nilimwambia kijana mmoja kwamba ninahitaji teksi, kwa maana ile tuliyoizoea sisi, yaani gari dogo linalokubeba peke yako hadi mlangoni. Alinipeleka kwenye gari ambalo kwetu tungeliita daladala, nikakaa nikidhani nimeandaliwa gari kubwa kwa sababu ya mizigo yangu. Wakaanza kuingia watu mmoja mmoja bila hata kunisalimu, mpaka tukawa abiria 14, na mimi kimoyomoyo nikawa ninasoma dua ya mtu aliyetekwa. Kule teksi ndiyo hiyo ya watu wote, na gari la kukodi huitwa speshio. Mwenyeji wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sikubali Kirahisi
Kabla hatujaendelea, naomba mtu aniambie kwa nini mnalaumu maneno ya kuazima wakati daladala lenyewe limetokana na dola ya Marekani.

Babu Chalinze
Si dola ya Marekani, kijana. Sarafu yetu ya shilingi tano ndiyo iliyoitwa dala, na katika miaka ya 1980 makonda walikuwa wakiita "dala, dala" kwa sababu nauli ilikuwa shilingi tano. Nilikuwa ninailipa mwenyewe.

Sikubali Kirahisi
Na sarafu hiyo iliitwa dala kutokana na nini, kama si dola?

Dereva wa Voi
Mwacheni Babu apumue. Matatu yetu nayo ilitokana na nauli, kwani abiria alitoa vipande vitatu vya senti kumi. Hizo habari kwamba jina lilitokana na viti vitatu ni za watu waliozaliwa juzi.

Mwana Kibokoni
Yangu ni ndefu, mnivumilie. Mwaka 2014 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwenye harusi ya rafiki yangu wa chuo, na sikuwahi kabla ya hapo kuvuka Chalinze. Kwetu Mombasa dawa huchimbwa na mganga au na bibi anayejua mizizi. Kwa hiyo gari liliposimama porini baada ya Mikumi na konda akatangaza, "Tunachimba dawa hapa, dakika tano," nilidhani mahali pale pana mti mashuhuri. Abiria walishuka, wanaume wakaelekea kushoto na wanawake kulia, nami nikabaki kitini nikistaajabu jinsi Watanzania wanavyopenda miti shamba. Nilikuwa nimemaliza chupa nzima ya maji tangu Morogoro.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilikuwa nimekunja miguu, na hata wauza vitunguu waliokuwa wakigonga dirisha sikuwasikia tena. Nilimuuliza bibi niliyekaa naye ni lini tutafika penye choo, akaniambia ni Iringa, kisha akataka kujua kwa nini sikwenda kuchimba dawa pamoja na wenzangu. Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kukazidisha maumivu. Karibu na kilele cha mlima Kitonga foleni ikasimama kwa sababu lori lilikuwa limekwama kwenye kona. Viatu vyangu vilikuwa vimesukumwa chini ya siti za mbele, basi bibi akanivulia kandambili zake, nikashuka bila kumwambia konda, nikajibanza nyuma ya kichaka. Nilikuwa bado nimechuchumaa niliposikia gia ikiingia. Nilitoka mbio nimeshika gauni kwa mkono mmoja, mwingine nimeuinua kama mtu anayesimamisha daladala, na nikaliona gari langu likiimaliza kona. Mkoba, simu na nauli ya kurudi vyote vilikuwa ndani. Jua lilikuwa linazama, upande mmoja wa barabara ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde ambalo sikutaka kulitazama.

Aliyenikuta ni utingo wa lori la saruji. Lori lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, taratibu kuliko mtu anayetembea, naye alikuwa akilifuata kwa miguu amebeba gogo begani, tayari kulitupa nyuma ya tairi endapo lingeanza kurudi. Aliniambia nipande mbele kwa dereva, nikakataa kwa woga, nikaamua kutembea naye. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa, kandambili zikinipiga visigino, mpaka tukalikuta basi limeegeshwa juu ya mlima. Wala si mimi niliyesubiriwa kwanza. Bibi alikuwa amepiga kelele kwamba dereva asimame mara moja, kwa sababu kandambili zake zimeachwa njiani.

Mama Wawili
Nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kuniangalia.

Sikubali Kirahisi
Dada, mimi sikubali kwamba Mswahili wa Mombasa anaweza kushindwa kuielewa tafsida hiyo. Uliona watu wazima wamegawanyika wanaume huku na wanawake kule, ukadhani dawa zinatofautiana?

Mwana Kibokoni
Ndivyo nilivyodhani hasa. Bibi yangu alikuwa na dawa za wanaume na dawa za wanawake, na hazikuchimbwa upande mmoja.

Mwalimu Mstaafu
Hapa nitamtetea dada. Kujisaidia, kwenda haja na kwenda msalani utayasikia pwani yote, lakini kuchimba dawa ni tafsida iliyokulia ndani ya mabasi ya Tanzania, na asiyepanda mabasi hayo hawezi kuijua. Ninaipenda kuliko stendi.

Utingo Mstaafu
Nilifanya kazi hiyo barabara ya Tunduma kwa miaka kumi na moja. Dada alikosea kukataa kupanda mbele, kwa sababu lori likishindwa mlima, wanaokuwa nyuma ndio wa kwanza kuumia, na gogo moja haliwezi kuzuia tani thelathini likitupwa vibaya. Pia ninamshukuru kwa kunitaja kwa jina langu. Konda ni mtu wa nauli na utingo ni mtu wa lori, lakini watu hutuchanganya kana kwamba kubeba gogo na kukata tiketi ni kazi moja.

Dereva wa Voi
Kwetu wote hao ni makanga.

Utingo Mstaafu
Usirudie tena, mzee wangu.

Babu Chalinze
Ushauri wangu ni kwamba abiria asinywe maji kabisa tangu Chalinze.

Mzawa wa Bukoba
Babu, mwendo wa kutwa nzima bila maji ni ugonjwa mwingine. Kunywa, ila kaa siti ya nyuma ya dereva umkere mpaka asimame.

Kijana wa Tegeta
Afadhali kuondoka na kitu cha jirani anachokipenda, kama dada alivyofanya bila kujua. Jirani hawezi kukupigia kelele wewe, ila kandambili zake atazipigia.

Mama Wawili
Mwanangu wa Kibokoni, hujatuambia kama bibi alirudishiwa kandambili zake.

Mwana Kibokoni
Alipokuwa akishuka Ipogolo, pale Iringa, nilimkabidhi, mama, tena nimezifuta vumbi kwa ncha ya leso yangu. Alifungua mfuko wake, akatoa viatu vyake vya mjini alivyokuwa amevihifadhi kwa ajili ya kushukia, akavivaa taratibu huku konda akimhimiza, kisha akaniwekea zile kandambili miguuni. Alisema nikae nazo, kwa sababu mbele yangu Makambako ilikuwa bado, na huko nako watachimba dawa.