Naomba ushauri: LX470 inadunda nyuma, fundi anataka kung'oa haidroliki yote

Wakubwa habari zenu, niko Kampala. Gari ni Lexus LX470, ile yenye saspensheni ya haidroliki AHC. Ukibonyeza swichi inapanda na kushuka vizuri tu, haivuji popote, lakini ikipita kwenye matuta nyuma inadunda kama haina shokapu, waliokaa nyuma wanalalamika migongo. Fundi anasema tung'oe mfumo wote tufunge springi na shokapu za kawaida, mimi sitaki kabisa, raha ya hii gari iko hapo hapo.

Nimeangalia tangi la oili ya AHC chini ya boneti, injini ikiwa inawaka, ukiishusha gari kutoka juu kabisa mpaka chini oili inapanda alama 5 tu, na ninavyojua globu (vile vitufe vya chuma vyenye gesi vinavyolainisha mdundo, kila tairi na chake) zikiwa mpya ni kama 14, ikifika 7 kushuka chini ndo zimekwisha, gesi ya naitrojeni imetoka. Kwa hiyo naona ni globu sio pampu.

Waliowahi kubadilisha, nifunge zote 4 au za nyuma tu? Za mtumba pale soko la spea la Kisekka zinafaa au ni kutupa hela? Na nani Kampala ana mashine ya kusoma presha ya AHC, nataka ipimwe kabla sijanunua chochote.