Kishikio cha choo ni kazi ya asubuhi moja. Mbona Lamu kinangojwa kusi mbili?

Assalamu alaikum wanajukwaa. Uzi huu ni wa hasira. Anayetaka maneno ya asali apite nyuzi nyingine.

Kila foleni ya kurekebishiwa nyumba kwa wenye ulemavu ikitajwa, jibu ni lile lile: fedha hakuna, subirini. Fedha ni chache, hakuna anayebisha. Lakini kishikio cha choo hakikwami kwa ajili ya fedha. Kinakwama kwa kuwa kimetiwa foleni moja na kuvunja na kujenga bafu zima, na kwa kuwa kila karatasi hukaa ikiingoja nyenzake imalize safari ndipo nayo ianze. Mtu aliyetoka hospitali na kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja umelala, anahitaji bomba la sentimita 60 ukutani, bolti sita na fundi mwenye drili. Anafunguliwa faili kama anajenga ghorofa.

Tazameni faili linavyotembea. Daktari anatathmini ulemavu ili mtu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi ikitoka ndipo ombi la kurekebishiwa nyumba linapokelewa. Likipokelewa ndipo anatafutwa mtaalamu wa tiba kazi aje aione nyumba, naye ana wodi na kliniki zinazomsubiri. Ripoti yake ikifika ndipo fundi anaitwa kupima. Fundi anatoa kwotesheni (makadirio ya bei), kwotesheni inakwenda kikaoni, kikao hakitimii, kinaahirishwa. Siku kinapotimia na kupitisha, mmoja anakumbuka: kumbe nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ukuta hauguswi bila ruhusa ya hifadhi ya majengo ya kale! Faili linarudi kutafuta mchoro. Ruhusa ikija, bei za kwotesheni zimeshapitwa, mwenye duka hazitambui tena. Fundi aitwe apime upya. Hapo 30 Juni imeshapiga hodi, vitabu vya mwaka vinafungwa, na mnaambiwa mngoje bajeti mpya. Julai inaingia, bajeti ni mpya kwa jina, fedha bado ziko njiani, na kusi nayo imechacha, boti za mizigo zinachagua siku.

Msiniambie huo ndio utaratibu. Utaratibu ni kwamba huwezi kutoa bei kabla ya kupima, wala kuanza kazi kabla ya fedha kuidhinishwa. Hayo mawili nayakubali. Yaliyobaki ni mazoea. Mtaalamu na fundi wanaweza kupanda boti moja, siku moja, wakaingia choo kile kile kwa pamoja. Ruhusa ya hifadhi inaweza kuombwa jioni ile ile kwa picha na mchoro wa siku hiyo. Usajili wa kadi unaweza kuendelea huku kazi ikipangwa. Na safari yote ingeanza mgonjwa akiwa bado wodini, kwa sababu siku daktari anapoandika "aruhusiwe kwenda nyumbani" kila mtu anajua mtu huyu ataingia choo gani kesho asubuhi.

Kisha tenganisheni kazi. Kuna zisizogusa ukuta kabisa: kiti cha choo chenye tundu, kigoda cha kuogea, kupandisha au kushusha kitanda, kutoa bawa la mlango wa ndani na kutundika pazia, ubao wa mteremko wa kuwekwa na kuondolewa. Hizo ziingojee ruhusa gani? Ziishe wiki hiyo hiyo, kwa vifaa vilivyokwisha kununuliwa na kuwekwa stoo. Kuna zinazotoboa lipu tu, kama kishikio na reli ya ngazi. Hizi zipewe kibali kimoja cha jumla chenye mchoro wa kiwango, si kikao kwa kila nyumba. Faili nene libaki kwa kazi za kuvunja: bafu, kupanua mlango, mteremko wa kudumu. Leo zote tatu zinasimama mstari mmoja, na aliye mbele ni yule wa bafu, hasogei.

Wanaosubiri hawakai tu wakihesabu siku. Wanapunguza maji ya kunywa ili wasiende choo. Wanapata vidonda vya kitandani. Wanaobebwa, migongo ya binti na wakwe zao inaharibika. Mwingine anaanguka, anavunjika nyonga, na ombi la kishikio linageuka kuwa ombi la kiti cha magurudumu, likaanza upya nyuma ya foleni.

Wenye ujuzi wa ujenzi na wa tiba changieni, ila leteni vipimo, si pole.

Jibu la 2

Mwenye uzi, nakuunga mkono, lakini umetaja drili na bolti kana kwamba ukuta wa Lamu ni zege. Hapo ndipo kazi nyingi zinapooza, na ikiharibika mtu anaambiwa aombe tena.

Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa, unene wa karibu nusu mita, na katikati mna mapengo. Lipu ya juu haibebi kitu. Bolti ya kupanuka ukiikaza inasaga jiwe na kuzunguka bure. Siku hiyo inaonekana imeshika, mwezi wa pili inatoka na kipande cha ukuta, mtu akiwa amekishika kishikio. Zipo njia tatu, kila moja na mahali pake.

Ya kwanza ni gundi ya resini na fito ya chuma yenye uzi wa skrubu, ya milimita 10. Toboa tundu la milimita 16, drili izunguke bila kugonga, upite lipu yote na kuingia kwenye jiwe sentimita 12 au zaidi. Puliza vumbi, sugua kwa brashi, puliza tena. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi. Ingiza soksi ya plastiki yenye matundu, ijaze gundi kuanzia chini, kisha ingiza fito ukiizungusha. Bila soksi gundi yote inakimbilia kwenye mapengo. Usifunge chochote mpaka muda ulioandikwa kwenye mkebe uishe, na tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, maana mkebe uliolala kwenye joto la stoo huharibika na hauonyeshi.

Ya pili, ukikuta ukuta umelegea sana, ni ubao wa mbambakofi wa inchi 2 kwa 6, urefu wa mita moja hivi, ulioshikwa sehemu sita. Kishikio kinafungwa kwenye ubao, mzigo unagawanyika. Hauna sura ya hospitali pia, na wenye nyumba wengi huupenda zaidi.

Ya tatu ni kuuacha ukuta kabisa: fremu ya kusimama sakafuni kuzunguka choo, yenye mikono miwili. Hii haihitaji kibali cha mtu yeyote, na ingetosha kwa maombi mengi ya namna hii.

Bomba liwe la nje milimita 32 hadi 40, liache nafasi ya sentimita 4 hadi 5 na ukuta; nafasi ikiwa pana mno mkono unateleza ndani na kukwama. Lisiwe bomba la chuma lililopakwa rangi, hewa ya chumvi inalila kutoka kwenye maunganisho. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 316 ndiyo ya pwani, ya 304 hupata madoa. Na bolti ziwe stenlesi vilevile. Ukiweka bolti za chuma cha kawaida kwenye kishikio cha stenlesi, bolti ndizo zinazooza kwanza, tena kwa ndani usikoona.

Kabla ya kukabidhi, tundika kilo 100 kwa kamba dakika kumi, yaani mifuko miwili ya saruji, mzigo wa punda mmoja. Lipu ikipasuka pembezoni, ng'oa uanze upya. Palipotobolewa zibeni kwa chokaa, si saruji. Saruji inazuia unyevu kutoka, na lipu ya jirani yake inaanza kumenyuka.

Jibu la 3

Naongeza kuhusu vipimo, kwa sababu kipimo kibaya ndicho kinachorudisha kazi mara nyingi kuliko fedha.

Mlango haupimwi kutoka mwimo hadi mwimo. Fungua bawa mpaka mwisho, pima nafasi iliyobaki wazi. Kiti cha magurudumu cha watu wazima huwa na upana wa sentimita 61 hadi 68 hivi, na vidole vya anayekisukuma vinatokeza pembeni, kwa hiyo 80 ndiyo ya kuombea. Mlango wa nje wa mabawa mawili ukifungua bawa moja tu, lenye mfaa (ubao wa katikati) au lisilo nao, 80 haipatikani. Yafunguliwe yote mawili, na komeo la bawa la pili lishushwe mahali ambapo aliyekaa anafika. Kwa milango ya ndani, bawa likitolewa unapata sentimita 3 au 4 za bure, na mara nyingi hizo ndizo zilizokuwa zikikosekana.

Mteremko ni hesabu isiyo na huruma. Kiwango ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kimo inataka kumi na mbili za urefu. Daka (kibaraza cha mlangoni) lenye vidato vitatu vya sentimita 18 ni kimo cha 54, basi unahitaji mita 6 na nusu, na juu yake uwanja tambarare wa mita moja na nusu mbele ya mlango. Nionyesheni kichochoro cha mtaa wa Mkomani au Langoni chenye nafasi hiyo na punda bado apite. Hakipo. Hata hivyo maombi ya mteremko wa kudumu yanaandikwa, yanakaa mezani miezi, halafu yanakataliwa kwa sababu ambayo tepu ingeisema siku ya kwanza. Kwa anayetembea kwa fremu, kata kila kidato viwili vya sentimita 9, upana wa kukanyaga 70 ili miguu yote minne ya fremu ikae, na reli pande zote mbili. Kwa wa kiti, ubao wa kuondolewa unafaa kizingiti au kidato kimoja: kimo cha 15, ubao wa mita 1.2, na awepo msaidizi. Zaidi ya hapo ni hatari.

Ndani ya nyumba, misana yetu (vyumba vya ndani) ni mirefu na myembamba, kwa kuwa boriti ndizo zilizoamua upana, mita 2.5 hadi 3 basi. Kiti kinahitaji duara la mita 1.5 kugeuka. Kitanda kikiwekwa kwa upana wa chumba, mtu amefungiwa. Kigeuzwe kifuate urefu. Na kimo chake kilingane na kiti, sentimita 48 au 50. Kitanda cha Kiamu cha kizamani kiko juu mno, kinakatwa miguu au kinabadilishwa. Kazi hiyo ni ya nusu saa na msumeno.

Choo cha kuchuchumaa: kiti chenye tundu kiwe na kimo cha 45, na miguu yake isikanyage kauri, itapasuka. Raba za miguu zikaguliwe kila mwezi. Vivyo hivyo raba ya mkongojo. Ikishalika, sakafu ya maji ni barafu.

Jibu la 4

Hasira naielewa, ila msiibebeshe hifadhi mzigo wote. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ipo sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Maombi mengi yanarudishwa kwa kuwa yanasema "kurekebisha choo" tu. Hakuna mchoro, hakuna vipimo, hakuna picha, haijulikani kama ni saruji au chokaa. Mengine yanataka kukata mlango wa nakshi, ambapo kabari mbili za mbao kila upande wa kizingiti zingetosha. Kitu kinachoweza kuondolewa bila kuacha kovu hakina sababu ya kukataliwa.

Mwenye uzi

Ahsante wa 4, na umenipa silaha. Kama kisichoacha kovu hakina sababu ya kukataliwa, basi kiandikwe hivyo kwenye karatasi moja na kibandikwe ukutani, fundi asiende kuulizia kila nyumba.

Kuna waliotaja Uingereza kwenye uzi mwingine. Huko sheria ya 1996 inaipa halmashauri miezi 6 kutoa uamuzi juu ya ombi la ruzuku ya kurekebisha nyumba, na England marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000 hutolewa bure. Vizuri. Lakini saa ile inaanza kuhesabu ombi rasmi likishawasilishwa. Muda wa kungojea mtaalamu aje hauhesabiwi, na huko ndiko foleni ilikohamia. Tusiige kosa hilo. Tukidai muda, uhesabiwe kuanzia siku jina la mtu lilipoandikwa kitabuni mara ya kwanza.

Sasa kazi. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inatupa haki ya uamuzi wa haraka, na ya 54 inataja vifaa na ufikiaji. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, nyongeza ni 14 tena mara moja, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ulizeni manne: maombi mangapi yako wazi, la zamani kabisa liliandikwa tarehe gani, mangapi kati yake ni ya kishikio, fremu au kiti cha choo, na mangapi yamesimama kwa kungoja ruhusa ya hifadhi peke yake. Siku 21 zikipita kimya, nakala yenye muhuri inakwenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Rasimu ya barua naiweka hapa kesho baada ya Isha. Wa 2, tafadhali chora ule ubao wa mbambakofi na matundu yake sita, uingie kama kiambatisho.