Msaada: mfumo mmoja wa kuendesha geti na shata kwa simu, niko Uyole Mbeya

Chuma_Uyole

Wakuu habari za jioni. Nina yadi na gereji ndogo hapa Uyole, pembeni ya barabara ya TANZAM. Kuna geti la reli wanapopita malori, shata tatu za gereji (milango ya bati inayojikunja juu), na upande wa nyumbani mlango wa kupanda juu wa gari dogo. Vyote vina mota, ila kila kimoja kilinunuliwa kwa wakati wake, kwa hiyo rimoti ziko kibao na hakuna inayofanana na nyingine. Fundi mmoja anasema ninunue kifaa cha Wi-Fi cha kila mota, mwingine anasema ning'oe zote niweke za kampuni moja.

Mimi muda mwingi nashinda Tunduma. Lori likiingia saa nane usiku, kijana anaamshwa, rimoti haionekani, dereva anapiga honi mtaa mzima unaamka. Nataka nifungue mwenyewe popote nilipo, na nijue kama pamefungwa kweli. TANESCO nao mnawajua. Nianzie wapi?

Volti230

Usibadilishe mota hata moja, mkuu. Fungua kifuniko cha mota ya geti uangalie kadi yake, ile saketi inayoiendesha. Karibu zote zina sehemu ya kufunga kitufe cha ukutani, nyaya mbili tu. Zikigusana sekunde moja geti linaenda, zikigusana tena linasimama, zikigusana tena linarudi. Unachotafuta ni rilei, yaani swichi ndogo unayoiamuru kwa simu, ya kuunganisha nyaya hizo kisha kuachia. Ikifanya hivyo, jina la kampuni kwenye mota halina maana.

Angalizo: rilei iwe kavu, yaani isipeleke umeme wake kwenye nyaya hizo. Shelly 1 ni ya aina hiyo. Sonoff Basic siyo, inatoa 230V. Ukiifunga pale, kadi imekwisha.

Na kwa kuwa kitufe ni kilekile cha kufungua na kufunga, simu haiwezi kujua geti liko wapi. Unabonyeza ukidhani unafunga, kumbe umefungua yadi usiku kucha. Weka sensa ya sumaku kwenye kila mlango. Hiyo siyo ya hiari.

Mkinga_Mwanjelwa

Hela yote hiyo si umwongezee kijana mshahara alale karibu na geti? 😂

Chuma_Uyole

Mkinga bwana, wewe kila kitu ni hesabu. Kijana ataendelea kuwepo, sitaki tu aamshwe.

Volti, nimekuelewa kwenye geti. Shata je? Nilitaka zote tatu nizifunge kwenye swichi moja zishuke pamoja.

Volti230

Hapana, hapo simama kabisa. Kama ni zile za mota ya bomba iliyojificha ndani ya rola, ina waya wa kupanda na waya wa kushuka, na umeme wenyewe unapita kwenye swichi. Ukiunganisha mota mbili sambamba kwenye swichi moja, ile iliyofika mwisho inarudishiwa umeme na mwenzake kupitia nyaya hizohizo. Swichi zake za mwisho zinaungua, au shata inapitiliza. Kila shata ipate rilei yake ya njia mbili, yenye kuzuia kupanda na kushuka visiwake kwa pamoja. Kuzishusha zote kwa mpigo ni kazi ya programu, siyo ya nyaya.

dada_saketi

Niko Iringa, kazi hizi nazifanya. Naongezea upande wa programu maana ndiko watu wanakopotelea.

Usichague mfumo unaopitia seva ya kampuni peke yake. Mwaka 2023 Chamberlain wa Marekani, wenye huduma ya myQ, waliwafungia njia watu waliokuwa wanaunganisha milango yao na programu nyingine. Mota nzima, intaneti ipo, ila mwenye nyumba hana sauti. Chukua kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, weka Home Assistant (programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani), rilei zote zizungumze nayo humohumo yadini. Intaneti ikikata, ukiwa yadini bado unafungua.

Ukiwa Tunduma ndipo unahitaji intaneti. Ruta za laini ya simu mara nyingi hazina anwani ya IP ya umma, kwa hiyo usihangaike na "port forwarding" kwenye ruta. Tumia Tailscale, ni VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha simu yako na yadi, au WireGuard kama una seva yenye IP ya umma. Pia Wi-Fi ya rilei hizi ni ya 2.4 GHz, na gereji ya mabati inaimeza. Vuta kebo mpaka gereji, kisha weka kirusha Wi-Fi humo ndani.

Kwa lile geti la malori mimi ningeongeza rilei ya laini ya simu. Unasajili namba za madereva wako, dereva anabipu, kifaa kinakata simu na geti linafunguka. Salio halitumiki, intaneti haihitajiki, na wewe huamki.

Chuma_Uyole

Dada hapo kwenye kubipu umenimaliza. Kumbe na mimi nalala!

Baba_Mafinga

Msisahau usalama. Mlango wa kujifunga mtu akiwa Tunduma hauoni mtoto. Marekani sheria inataka kinga kama macho ya mwanga (yanasimamisha mlango mtu akipita chini yake) kwenye mashine mpya za milango ya gereji ya nyumbani tangu 1993, huku kwetu mafundi wanayaacha kwenye boksi. Yafunge, na weka king'ora kilie kabla mlango haujashuka.

Halafu radi. Mvua za Novemba mpaka Aprili huku nyanda za juu siyo za mchezo. Mimi iliniondolea kadi mbili kwa mpigo mmoja. Piga ethi (waya wa ardhini) ya maana, weka kinga ya radi kwenye laini ya umeme.

Chuma_Uyole

Ndaga fijo wote. Naanza na geti: rilei, sensa na laini ya kubipu. Shata zitafuata. Umeme ukikatika nafanyaje?

Volti230

Mota nyingi za geti zinakubali betri ya akiba, angalia kama kadi yako ina sehemu yake. Ruta na Raspberry Pi ziwekee UPS ndogo. Shata za 230V zitakataa, utazungusha kwa mkono, kwa hiyo kabla fundi hajaondoka hakikisha kila moja ina mkono wake wa kuzungushia na kijana anajua unapochomekwa. Na ufunguo wa kuachia geti lisukumwe kwa mkono usiufungie ofisini.