Jamaica na Mfalme Charles: aondoke peke yake, au na mahakama yake?

Wakuu, Jamaica ilipata uhuru Agosti 1962, lakini mpaka leo mkuu wa nchi ni Mfalme wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu pale Kingston. Vyama vyote viwili vikubwa vinataka rais Mjamaika. Mbona basi mambo hayaendi?

Kinachokwamisha ni mahakama. Rufaa za mwisho za Jamaica bado huishia Privy Council, baraza la majaji lililoko London. Muswada wa serikali wa Desemba 2024 ulimwondoa mfalme ukaliacha baraza hilo kwanza. Wapinzani, PNP, wakagoma: viondoke vyote kwa mpigo, rufaa ziende Mahakama ya Haki ya Karibea. Na rungu wanalo. Seneti ina viti 21, upande wa serikali una 13, theluthi mbili zinazotakiwa kupitisha mabadiliko hayo ya katiba ni 14. Muswada haukupita hadi uchaguzi wa Septemba 2025 ukaukuta.

Mimi niko na PNP. Mjamaika akitaka kwenda kusikiliza rufaa yake mwenyewe anaomba viza kwanza, tena viza ya kuingia kwa mfalme wake! Ukimtoa mfalme ukabakiza majaji wa London, umebadilisha kibao cha mlangoni tu. Barbados, wenzao wa Karibea, walianza kwa kuhama mahakama ya London mwaka 2005, Malkia akafuata 2021.

JIBU: Barbados bunge lilitosha, mkuu. Jamaica lazima ipigwe kura ya maoni, na huko wapo wengi wanaomwogopa jaji anayekula meza moja na wanasiasa. Ni Privy Council hiyohiyo iliyoamua mwaka 1993, kwenye kesi ya Jamaica, kwamba kumnyonga mtu baada ya kumweka zaidi ya miaka mitano akisubiri kitanzi ni unyama. Jaji wa nyumbani angethubutu? Halafu tujiangalie: Tanganyika tulimtoa Malkia Desemba 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na rais tuliyempata akashika karibu kila kitu. Waacheni wenzetu waende taratibu.

MLETA MADA: Hofu hiyo ni yetu, si yao. Rais wetu alikuwa mtendaji. Wa kwao kwenye muswada ni wa heshima, serikali inabaki kwa waziri mkuu. Kuhusu kuthubutu: mwaka 2018 Mahakama ya Karibea ilibatilisha sheria ya Barbados iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji. Sasa niambie, London wana nini ambacho hao hawana?