Mafundi mnaobadilisha spea bila kupima, mmeniharibia trekta langu

Wakuu nina hasira na naandika hivyohivyo nikiwa nayo, nikirukaruka mnivumilie.

Nina katrekta ka bustani ka zamani, sirinda moja, petroli, stata ya umeme, kabureta (inayochanganya petroli na hewa) ya kawaida isiyo na mambo mengi. Mzee wangu ndiye aliyeniachia. Kalilala kama miezi nane hivi, nilipokarudia nikaanza kwa kumwaga mafuta yote ya zamani maana petroli ikikaa sana inaacha utando kama gundi ndani ya kabureta, nikaweka mapya, nikapiga stata. Injini inazunguka vizuri kabisa ila haiwaki, hata kukohoa haikohoi. Nikaita fundi.

Wa kwanza hajafungua hata boneti kasema betri. Namwambia fundi mbona stata inazungusha kwa nguvu, ananijibu inazungusha ndiyo lakini haifikishi moto kwenye plagi, yaani ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Jamani! Injini ya aina hii moto wa plagi hautoki kwenye betri, unatoka kwenye koili (kale kafaa ka waya kanakozalisha umeme wa cheche) pale sumaku ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, inapopita mbele yake. Betri kazi yake ni kuzungusha tu. Siku ile sikulijua hilo, nikanunua betri, injini ikazunguka kwa kasi zaidi na haikuwaka.

Wa pili ndiye ananiuma mpaka leo. Alifungua plagi ikatoka imelowa petroli, nimeiona kwa macho yangu, inadondoka kabisa, akaifuta kwenye suruali akasema kabureta imekufa. Plagi imelowa maana yake mafuta yanafika! Kabureta inafanya kazi yake, kinachokosekana ni moto. Angeishika tu ile plagi ikiwa kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini nikapiga stata, tungeona kama kuna cheche au hakuna, dakika moja tu (pembeni kidogo na lile tundu, maana mvuke wa petroli unatoka hapo). Hakufanya. Akafunga kabureta mpya ya feki inayovuja, ile orijino akaondoka nayo, na plagi akairudisha kwa spana moja kwa moja bila kuianza kwa mkono, ikaingia upande. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha sirinda, ni ya aluminiamu wakuu, thredi za kukazia plagi zimelika.

Wa tatu akasema koili. Angalau huyu aliwaza moto. Ila akafunga mpya ikiwa imegusana na flaiwili, nikipiga stata nasikia inakwaruza. Pale lazima ubaki uwazi mdogo, kama robo ya milimita, wengi wanapachika karatasi ngumu katikati kabla ya kukaza nati. Nikamuuliza mbona inalia, akasema itajizoesha. Ijizoeshe nini chuma kwa chuma?

Jumapili nikakaa mwenyewe na tochi na mita ya kupimia umeme ya kuazima. Nikalegeza ile koili nikaipachika upya na karatasi. Kwenye koili kuna kawaya kamoja kembamba kanakoenda kwenye swichi ya ufunguo, na njiani kanapitia swichi ya kiti na ya visu vya kukatia nyasi. Kazi ya hako kawaya ni kuzima injini, ukizima ufunguo au ukinyanyuka kwenye kiti visu vikiwa vinazunguka, kanagusishwa kwenye bodi na moto unakatika. Maana yake kakichubuka popote kakagusa chuma, injini imezimwa muda wote na utabadilisha koili mpaka uchoke. Nikakachomoa pale kwenye koili, plagi kwenye chuma, nikapiga stata. Cheche ya bluu, inalia kabisa. Nikarudisha koili ya zamani nayo nikaijaribu, cheche ileile. Koili yangu haikuwahi kufa!

Nikafuata kawaya mpaka chini ya kava ya feni, kamesuguliwa na ukingo wa bati mpaka shaba inaonekana. Tepu ya umeme, nikakahamisha mbali na bati, nikakarudisha mahali pake (msikaache kamechomolewa, mtashindwa kuzima kwa ufunguo na swichi za usalama hazitafanya kazi). Stata ya tatu injini ikawaka.

Sasa niambieni. Betri, kabureta, koili, vyote vilikuwa vizima, dawa ilikuwa tepu ya urefu wa kidole. Watu watatu wamekuja na hakuna hata mmoja aliyekuja na mita, na wote wamelipwa. Fundi kukosea nakubali, mimi mwenyewe nimekosea mengi, lakini kubahatisha na mali ya mtu halafu gharama ya kubahatisha ailipe mwenye mali hapana, huo siyo ufundi.

Na bado sijapona, injini inawaka ila hewa inavuja pembeni ya plagi kwa zile thredi zilizolika, nguvu imepungua nikipanda mwinuko. Aliyewahi kutobolewa upya tundu la plagi na kuwekewa thredi ya chuma ya kupachika kwenye hedi ya aluminiamu aniambie kama imedumu, na kama ilibidi hedi ishushwe ili vumbi la chuma lisiingie kwenye sirinda. Na wewe fundi wa pili kama unasoma humu, ile kabureta yangu naitaka.