Mashindano ya mapishi ya TV: jaji asiyeujua ugali wa muhogo anapata wapi haki ya kuukata alama?

Wakuu, salaam.

Nimeikalia habari hii wiki mbili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Jana nimepita Chuno pale mama mdogo anapouzia chakula, nikamkuta anasonga kama kawaida yake, mabenchi yamejaa. Mteja mmoja akamuuliza, "Mama, si ndiyo wewe uliyekatwa kwenye TV kwa ugali unaonata?" Mama mdogo akacheka. Ila nilimwona alivyogeukia ukutani akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Ndiyo nimefungua uzi huu.

Kwa wasiojua: kituo kimoja cha televisheni kilikuja hapa Mtwara mjini kufanya mchujo wa Kanda ya Kusini wa shindano la mapishi. Washiriki 12, kutoka Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kila mmoja aliruhusiwa msaidizi mmoja, na msaidizi wa mama mdogo nilikuwa mimi. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Siku ya kujiandikisha tulipewa karatasi ya sheria. Ninayo mpaka leo. Inasema muda wa kupika ni dakika 90. Inasema mshiriki asije na kitu chochote kilichokwishaandaliwa nyumbani. Inasema alama ni 100: ladha 50, ubunifu 25, muonekano 25. Mama mdogo akapanga chakula chake kwa kuifuata karatasi hiyo: kisamvu cha nazi na korosho, ugali wa muhogo, na changu wa kupaka.

Anayekijua kisamvu anajua kazi yake. Yale majani hayana njia ya mkato. Unayatwanga kwenye kinu mpaka yalainike, unayachemsha vya kutosha kwanza kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu, halafu ndiyo unaanza habari ya tui. Ndani ya dakika 90 inawezekana kwa mbinde, mmoja akiwa kwenye kinu na mwingine kwenye mbuzi anakuna nazi. Tulifanya mazoezi nyumbani mara tatu, simu imewekwa saa. Mara ya tatu tukamaliza kwa dakika 84, mama mdogo akapiga vigelegele peke yake uani.

Asubuhi ya shindano, majiko yamepangwa, taa zimewashwa, akaja kijana wa utayarishaji akatangaza kwamba muda ni dakika 60. Hakutoa sababu. Mama mdogo akanyoosha mkono: "Mwanangu, karatasi yetu inasema tisini." Akajibiwa kwamba karatasi ni mwongozo tu, ratiba ya kurekodi imebana.

Mwongozo tu. Sasa kama ni mwongozo, kwa nini sisi tulikatazwa mlangoni kuingia hata na majani yaliyotwangwa? Tulikuwa nayo kwenye bakuli, tumeyatwanga alfajiri kwa wasiwasi tu wa muda, msimamizi akasoma ile karatasi, akayazuia, na mama mdogo akatii bila ubishi kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Halafu meza ya tatu kutoka kwetu mshiriki mmoja akafungua ndoo ya plastiki, akatoa mapaja ya kuku yaliyolala kwenye viungo usiku kucha. Harufu ya tangawizi na limau ilitufikia tulipo. Nikamwita msimamizi yuleyule, nikamwonyesha. Akaangalia, akasema ataliripoti. Sijui aliripoti kwa nani, kwa sababu yule mshiriki alipika, akaonjwa na akapita. Simlaumu yeye hata kidogo. Namlaumu aliyeshika sheria moja, huku akaikaza, kule akailegeza.

Tulipika. Kisamvu kiliiva, namshukuru Mungu, na mikono yangu ilitoka malengelenge. Kengele ikalia tumeshapakua.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mtazamaji wa nyumbani haonyeshwi. Kengele ikilia, jaji haji kuonja. Kwanza kamera inazunguka kupiga picha sahani moja baada ya nyingine, wanabadilisha taa, wanampaka poda mtangazaji, wanarudia. Sahani yetu ilikuwa ya tisa. Tulisubiri karibu saa nzima chini ya zile taa. Nilikuwa nakitazama kisamvu kinavyobadilika: mafuta ya nazi yakapanda juu, tui likakatika, ugali ukaota ngozi. Niliomba angalau tufunike. Tukakataliwa, kawa inaharibu picha. Walioonjwa mwanzo walionjwa vyakula vya moto, na mpangilio ule hatukuambiwa umepatikanaje. Kura haikupigwa mbele yetu.

Majaji walikuwa watatu: mpishi wa hoteli, msanii, na mwakilishi wa mdhamini anayeuza viungo vya paketi. Yule mpishi akadokoa ugali kwa uma, akauvuta, akauinua kwenye kamera. "Mama, ugali wako unavutika kama gundi, na rangi yake imefifia. Haukuiva."

Mama mdogo akamjibu kwa adabu zake zote, "Mwanangu, huo ni wa muhogo. Unga wa makopa."

"Sawa mama, lakini mtazamaji anatarajia ugali mweupe."

Ndugu zangu, muhogo unamenywa, unakatwa, unaanikwa juani mpaka unakuwa makopa, ndipo unatwangwa au unasagwa. Ugali wake haujawahi kuwa mweupe kama sembe, na kuvutika ndiyo dalili yake ya kuiva. Ambao hauvutiki, una ungaunga ukitafuna, huo ndio mbichi. Mtoto wa darasa la tatu Tandahimba anajua hilo. Jaji alimkata mama yangu alama kwa sababu chakula kimeiva! Na hakuwa peke yake: binti mmoja wa Nachingwea alileta ming'oko, akaulizwa kama ile ni mizizi ya dawa. Ming'oko inauzwa imechemshwa kwenye barabara zote za huku, na wewe umeletwa kuhukumu vyakula vya Kusini huijui?

Tusidhani ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 2018 kwenye MasterChef ya Uingereza, mama mmoja mzaliwa wa Malaysia, Zaleha Kadir Olpin, alipika rendang ya kuku. Jaji Gregg Wallace akasema ngozi ya kuku haikukauka ikawa karakara, kwa hiyo hailiki. Yule mama akatolewa. Rendang inapikwa taratibu kwenye tui la nazi na viungo, nyama inalainika humo, ngozi itakaukaje? Sisi watu wa nazi hatuhitaji kufundishwa. Malaysia na Indonesia, ambao hugombania rendang ni ya nani, siku ile waliungana, mpaka Waziri Mkuu wa Malaysia wa wakati huo, Najib Razak, akauliza mtandaoni nani anakula rendang ya kuku iliyokaushwa. Yule mama alitetewa na taifa lake. Wa kwangu amebaki anaulizwa na mteja kama ugali wake unanata.

Alama hazikusomwa. Katika zile 50, 25 na 25 sijui tulipata ngapi. Niliwaona majaji wanaingia nyuma ya pazia na mtayarishaji, wakakaa robo saa, wakatoka na majina manne. Kwenye Top Chef ya Marekani huwa wanaandika mwishoni mwa kipindi kwamba majaji huamua kwa kushauriana na watayarishaji. Maandishi yenyewe madogo, lakini wanakiri, mshiriki anajua anaingia kwenye kitu gani. Karatasi yetu inasema "uamuzi wa majaji ni wa mwisho." Mtayarishaji hatajwi popote. Na kuna hili nililoambiwa pembeni na mmoja wa wafanyakazi wao, kwamba ilitubidi tutumie viungo vya mdhamini, paketi ionekane mezani. Kwenye sheria haimo. Mama mdogo hakuigusa ile paketi, kisamvu cha nazi unakitia viungo vya pilau ili iweje?

Baada ya hapo ikaja ya kura. Walioshindwa wanaweza kurudishwa kwa meseji za mashabiki, kila meseji inakatwa shilingi 300. Ukoo mzima umetuma, mpaka wajomba wa Mikindani na Newala, watu ambao hela yenyewe wanaisubiri msimu wa korosho. Dirisha likafungwa, akatangazwa aliyerudi, basi. Kura alizopata nani ni ngapi, hatukuambiwa. Uingereza, mwaka 2008, mdhibiti wao wa utangazaji, Ofcom, aliipiga ITV ya kwao, kituo cha televisheni, faini ya pauni milioni 5.675 kwa kuchezea simu na kura ambazo watazamaji walizilipia. Sisi tunayo Mamlaka ya Mawasiliano, tena ina Kamati ya Maudhui. Mwenye kujua utaratibu wa kupeleka malalamiko huko anielekeze, barua nitaiandika mwenyewe.

Najua wapo watakaokuja na "TV ni biashara mkuu, ulitegemea nini." Nilitegemea dakika 90 zilizoandikwa. Wanaotaka kipindi cha kuchekesha watu na chakula cha wenzao waandike hivyo kwenye fomu, mama yangu asipoteze siku nne za biashara na hela ya changu wakubwa wawili kutoka feri. Lakini ukiita shindano, ukaweka zawadi na ukachukua shilingi 300 za watu, basi muda usibadilike sufuria likiwa mezani, chakula kionjwe cha moto kwa wote au kiwe cha baridi kwa wote, alama zisomwe hadharani, na katika majaji watatu awepo hata mmoja anayekula chakula cha kanda husika. Bibi yeyote wa Mikindani angekaa kile kiti bila malipo.

Nimeomba kwa simu tupewe karatasi ya alama za mama mdogo. Mara ya kwanza wakasema watapiga. Mara ya pili simu ikakatwa.

Sasa naomba hili: kama kuna aliyeshiriki mchujo wa kanda nyingine, Mwanza, Mbeya, Arusha, popote, na bado anayo karatasi yake ya sheria, aweke picha hapa, afiche jina. Nataka tuone waliandikiwa dakika ngapi, na siku yenyewe walipewa ngapi. Ya kwetu naipiga picha jioni nikitoka kazini, naiweka hapahapa.